Mkebe Uliotazama Mathare

Wiki moja baada ya kumzika mama ushago, kijijini kwetu, nilirudi mtaani Huruma kutoa vitu vyake kwenye chumba, maana mwenye nyumba alikuwa tayari na mpangaji mwingine. Nilipovuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, nikasikia harufu ya gundi ya ngozi. Harufu hiyo siwezi kuikosea hata usingizini. Nililala nayo, nikala nayo, nikaenda nayo shule kwenye sweta mpaka wenzangu wakanibandika jina la Kiatu. Baba alikuwa fundi pale soko la Kariokor, mtu wa akala za tairi na viatu vya shanga, na kila jioni alituletea gundi ile mikononi mwake. Lakini baba alikufa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nikapekua. Chini ya vitambaa vyeupe vya kanisa alivyokuwa akijifunga mama kichwani, nikakuta mkebe wa maziwa ya unga, umezungushiwa tepu nyeusi kila mahali, na ubavuni umebandikwa kipande cha ngozi kwa gundi.

Niliketi kitandani na ule mkebe mapajani. Kwa miaka hiyo yote nilikuwa na hakika kwamba ulitupwa wiki ile ile aliyokufa baba, na niseme ukweli, nilifurahi kwamba ulitupwa. Kulikuwa na jambo nililomdanganya mama nikiwa darasa la pili, na nilidhani shahidi wangu pekee alikuwa ni huo mkebe.

Wenzangu wa rika langu mliokulia pande zile huenda mnaikumbuka mikebe ya Njoki. Njoki alikuwa msichana wa watu wa Murang'a aliyepanga chumba cha juu kabisa kwenye gorofa yetu, karibu na tangi la maji. Alisomea uchoraji lakini sikuwahi kumwona akichora. Alikusanya mikebe. Aliiosha, akaipaka rangi nyeusi ndani, akatoboa tundu moja dogo ubavuni, akaweka karatasi ya picha humo ndani akiwa gizani, kisha akaifunga kwa waya kwenye nguzo za stima, kwenye madirisha na kwenye vyuma vya ngazi. Mwanga ukiingia kwa lile tundu, alisema, unachora wenyewe. Haikuwa na kioo wala kitufe. Watu wa ploti, wapangaji wenzetu wa jengo lile, walimwona ana kasoro. Wengine walisema ametumwa na kanjo, wale watu wa baraza la jiji, kwamba mikebe inapima gorofa zitakazobomolewa, na keateka, mwangalizi wa jengo, akaitupa miwili mtoni. Mama alisema ni vituko vya watu waliosoma sana. Baba peke yake ndiye aliyeuliza swali la fundi, yaani tundu analitoboa na nini.

Njoki akasema anatumia msumari. Baba alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Akamwambia msumari unapasua, hautoboi, unaacha bati likiwa na meno pembeni. Akachukua kipande cha kopo la soda, akakilaza juu ya ngozi, akakibonyeza kwa sindano ya shanga, ile nyembamba kabisa, bila kuipitisha. Akakigeuza, akasugua kile kinundu kwa msasa taratibu mpaka bati likawa jepesi kama ganda la kitunguu, kisha akaligusa tena kwa ncha na kuliinua mbele ya balbu. Likatokea doa moja la mwanga, la mviringo, safi.

"Baba Adhis, hii ni noma," Njoki akasema. "Sijawahi ona tundu safi hivi."

Tangu siku hiyo mikebe yote ilitobolewa na baba. Hakutaka malipo. Alitaka tu Njoki aje amwonyeshe picha, na alipoonyeshwa alikuwa akiitazama kwa jicho moja, kama anayekagua mshono.

Picha ya kwanza niliyoiona mimi ilinitia hofu. Njoki alikuwa ameweka mkebe kwenye dirisha la ngazi ukitazama barabara ya chini, Jumamosi saa tano, jua kali. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu jinsi barabara ilivyofurika watu wa mitumba, wa mahindi choma, wa mikokoteni, na watoto wa kila ploti. Tundu likaachwa wazi kwa muda wa kusonga ugali na kuumaliza. Jioni akaiosha karatasi kwenye beseni chumbani kwake, taa nyekundu, dawa zinanuka siki, na barabara ikatokea tupu. Maduka yalikuwepo. Nyaya za stima zilikuwepo, hata bei za kinyozi ukutani zilisomeka. Watu hawakuwepo. Aliyeonekana ni mmoja tu, jirani yetu Mama Silas, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya sukuma wiki zake, mikono mapajani, akingoja wateja.

"Watu wameenda wapi?" nikauliza.

"Walikuwa wanatembea. Huu mkebe ni mpole, Adhis. Mtu akitembea haumwoni. Mpaka utulie, utulie kabisa, ndio ukushike."

Nilimtafuta Otis kwenye picha ile. Otis aliuza maji kwa mkokoteni, na saa ile nilimwona akipita kwenda na kurudi zaidi ya mara tano, akipiga mluzi. Sikuona hata kivuli cha mtungi. Wiki mbili hazikuisha, lori likamgonga pale pale barabarani, akafa. Nilikuwa mtoto, lakini kujumlisha nilijua. Otis hakuwa kwenye picha, na Otis amekufa. Mama Silas alikuwa kwenye picha, naye yuko hai, anatuuzia sukuma zilizonyauka bila aibu yoyote. Sikumwuliza mtu mzima, kwa sababu jambo lenyewe lilionekana wazi mno, na nilidhani watu wazima wanalijua ila hawapendi kulitaja.

Mwaka huo kifua cha baba kiliharibika. Alianza kurudi mapema kutoka Kariokor, kisha akawa anaenda siku mbili kwa wiki, kisha haendi. Sauti ya kikohozi chake usiku ilikuwa kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Mama alikuwa akifanya kibarua cha kupakia biskuti Industrial Area, anatoka kungali giza na kurudi miguu imevimba, na kwenye kliniki walimwambia mgonjwa apewe dawa kwa wakati, ale, apate jua. Jua la Huruma halifiki chumbani. Gorofa zimebanana hivi kwamba jirani akikaanga kitunguu upande wa pili wewe ndiye unayetokwa na machozi. Jua liko paani tu, kwenye kamba za nguo.

Na huko paani ndiko Njoki alikofunga mkebe wake wa mwisho. Ilikuwa mwezi wa sita, siku za baridi. Aliufunga kwenye mguu wa tangi, ukitazama upande wa Mathare, na mbele yake kulikuwa na kiti kizito cha gari ambacho mtu alikipandisha huko zamani na kushindwa kukishusha. Alinieleza, mama akiwa kando anaanika nguo, kwamba mkebe huu hautatolewa mpaka Desemba. Kila siku jua litachora mstari mmoja likishuka, na siku ya mawingu mstari utakatika, na mistari itasogea kidogo kidogo kuelekea kushoto mpaka ijaze karatasi. Picha hiyo haioshwi na dawa. Ukiitoa unaiona mara moja, halafu mwanga unaoiangalia nao unaanza kuimaliza. Yeye alikuwa amepata kazi ya miezi sita Mombasa, kwa hiyo mkebe akaniachia mimi. "Wewe ndiye keateka wake," akasema. Aliondoka na mabegi mawili, na sikumwona tena maishani.

Sasa fikiria mtoto wa miaka minane aliyepewa kitu cha namna hiyo, na baba yake anakohoa damu. Nilimweka baba kwenye kile kiti. Shule zilipofungwa mwezi wa nane nikawa ndiye ninayekaa naye, na kila saa tatu asubuhi nilimpandisha ngazi, mkono wake begani kwangu, tukipumzika kila gorofa. Nikamketisha uso kwenye jua, mbele ya lile tundu alilolitoboa mwenyewe. Kisha nikaketi chini, mgongo kwenye mguu wa tangi, nikaanza kazi ya kumzuia asitikisike.

Alidhani ni mchezo, na baba alipenda michezo. Aliniuliza kama anaruhusiwa kupepesa macho. Akaniambia kwamba akiendelea hivyo ataota mizizi na mama atalazimika kuanika nguo juu yake. Alinipa cheo cha mwalimu. Alipokohoa nilimtazama kwa ukali, naye akainua mikono kuomba radhi, na kule kuinua mikono kukanikasirisha zaidi. Sikumwambia kwa nini. Ningemwambia vipi mtu kwamba namzuia asife? Usiku nilihesabu vikohozi vyake vya mchana, na vikizidi vya jana sikulala.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa kama nyingine zote. Mama aliacha uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, akaniagiza vile vile alivyoniagiza kila siku, saa nne umpe kikombe kizima hata akikataa, kisha dawa. Tulipanda polepole kuliko kawaida. Baba alikuwa na jasho kwenye shingo ilhali kulikuwa na baridi. Nilimketisha, nikamimina uji kwenye kikombe cha kijani, nikauweka sakafuni upoe kidogo. Asubuhi ile alikuwa ametikisika sana. Alikuwa akijigeuza, akikunja miguu, akishika kifua. Nilikuwa nimemkasirikia, na hilo ni vyema liandikwe.

Alinyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Leo umetikisika sana. Tulia kwanza, halafu nitakupa."

Akanitazama. Akarudisha mkono kwenye paja.

"Haya, mwalimu. Nimetulia."

Akatulia kweli. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, alitulia kama nilivyokuwa nikimwomba siku zote. Kidevu kilishuka kidogo, mikono ikakaa pale ilipokaa. Nilihesabu mpaka mia, nikarudia, nikarudia tena. Nzi alitua shavuni mwake, akatembea mpaka karibu na jicho, na baba hakumfukuza, na mimi nikamwonea fahari. Niliona sasa ameelewa. Nikawaza kwamba akikaa hivi mpaka jioni, na kesho, na kesho kutwa, mkebe utamshika na hakuna lori wala kikohozi kitakachomweza. Uji uliota ngozi juu. Niliuona, nikauacha, kwa sababu kumpa kikombe kungemharibia.

Mama Silas akapanda na beseni la nguo. Akamsalimu baba, akamsalimu tena. Alipomsogelea nilimwambia asimguse, anapigwa picha. Alimgusa. Kisha akapiga ukemi ambao naamini ulisikika mpaka ng'ambo ya mto, akateremka ngazi mbio kuita watu, ndala moja ikabaki paani.

Nilibaki na baba peke yangu, labda dakika tano. Ndipo nilipofanya jambo lile. Nilichukua kikombe, nikamwaga uji kwenye bomba la maji ya mvua, nikakisuuza kwa maji ya tangi, nikakirudisha pale pale kando ya kiti. Sijui niliwaza nini. Nafikiri niliwaza tu kwamba mama ataniuliza kuhusu uji. Nilipoinua macho, tundu la mkebe lilikuwa linanitazama.

Mama alifika mchana bado akiwa na kofia ya kiwandani. Baba alikuwa ameshalazwa chumbani. Alimpapasa uso, akapapasa mikono, halafu akaona mkononi mwangu kikombe nilichokuwa nimeshuka nacho.

"Alikunywa?"

"Alikunywa wote," nikasema.

Hapo ndipo mama alipolia, na akanivuta akanikumbatia kwa nguvu, nikaisikia mifupa yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kipigo. Sikuwa nimejiandaa kushukuriwa.

Neno hilo likawa mali yake. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa kwamba marehemu hakuondoka na njaa, mtoto alimpa uji kwa mkono wake, akamaliza kikombe. Aliwaambia watu wa kanisa, wazee wenye kanzu nyeupe na fimbo, nao wakaniwekea mikono kichwani. Aliwaambia ndugu wa baba kule nyumbani kabla ya jeneza kushushwa. Miaka ilipopita na mambo mengine yakamtoka kichwani, hilo halikumtoka. Siku nilipoolewa alisimama na kuwaambia wakwe zangu kwamba wanapewa binti aliyemlisha baba yake mara ya mwisho, na watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa wakasema ni heshima. Shangazi aliniambia nilipokuwa mkubwa kwamba mapafu ya baba yalikuwa yamekwisha, kwamba hata angekunywa sufuria nzima asingefika jioni. Namwamini. Lakini alinyoosha mkono, na mimi nikamwambia angoje. Mwezi uliopita, mama mwenyewe akiwa hawezi tena kushika kijiko, nilimlisha uji, na akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Huu mkono ni ule ule." Nilimfuta mdomo. Nikachota kijiko kingine. Nafasi ya kumwambia ikaisha hivyo.

Sikupanda tena paani baada ya siku ile. Nguo zilipotakiwa kuanikwa nilijifanya naumwa, nilikuwa tayari kuchapwa. Niliamini mkebe uliniona nikimwaga uji kwenye bomba la maji ya mvua, na siku utakapofunguliwa kila mtu ataona. Nilipomwuliza mama, kwa kuzungukazunguka, kama bado uko, alisema hajui, vitu vya Njoki vimetupwa. Nikapumua.

Sasa nilikuwa nimekaa na mkebe huo huo kitandani pake. Nilifunga pazia, nikaacha upenyo mwembamba, nikakata tepu kwa kisu cha jikoni. Nilijua sasa, kama mtu mzima, kwamba hakuna cha kuogopa humo ndani. Mkebe ule unaona kitu kwa miezi. Dakika tano za kumwaga uji hazimo. Hata kifo cha baba hakimo, kilikuwa kitu cha asubuhi moja. Nikafungua kifuniko.

Karatasi ilikuwa imejikunja, ngumu. Niliitandaza pajani, nikaigeuza maana mbingu zilikuwa chini. Cha kwanza kuona ni mistari ya jua, iliyoungua kwenye karatasi, mmoja kando ya mwingine, mingine imekatika kwa mawingu. Niliifuata kwa kidole kutoka kulia. Nilitarajia iishie mwanzoni tu, mwezi wa nane. Haikuishia hapo. Ilienda mpaka ukingo wa kushoto wa karatasi, yote, mpaka Desemba. Mama hakuutupa. Aliuacha utazame hadi siku aliyotaja Njoki, kisha akalifunika tundu kwa ngozi ya baba na gundi ya baba, gizani, kama inavyotakiwa. Kumbe alikuwa akisikiliza, yeye aliyesema ni vituko.

Na kile kiti kilikuwepo, kimetokea vizuri hata springi zake. Kilikuwa na mtu. Nikasema ni baba, alishikwa. Nikasogeza karatasi kwenye ule upenyo wa mwanga. Njoki alitufundisha kwamba humo mambo hugeuka, cheupe huwa cheusi. Mtu yule alikuwa hafifu mwili mzima, kama moshi, kiti kinaonekana kupitia kwake, lakini kichwani kulikuwa na giza lililozunguka kama kitambaa kilichofungwa. Kitambaa cheupe cha kanisa. Baada ya msiba mama hakwenda kazini miezi kadhaa, na mimi kila asubuhi nilikwenda shule nikimwacha amesimama mlangoni. Sikujua anapanda wapi. Alikuwa akipanda kukaa kwenye kiti cha mumewe, uso kwenye jua, asubuhi baada ya asubuhi, bila kutikisika, mpaka mkebe ukamshika. Baba hakuwamo kabisa.

Nilitoa simu nimpige picha. Mwanga ulikuwa mdogo. Nikajaribu mara tatu, na mara zote tatu ikatoka ukungu mtupu. Basi nikainuka nikafungua pazia lote, nikajua ninachofanya, nikaiweka karatasi dirishani ili nimwone mama vizuri kwa muda utakaokuwepo.

"Mama," nikasema, kwa sauti, kama yuko jikoni. "Hakunywa. Aliomba, nikamwambia angoje. Niliumwaga."

Aliendelea kukaa pale, kitambaa kichwani. Kisha kiti kikaanza kuingia giza, kikafuata kitambaa, na mistari ya jua ikawa ya mwisho. Nilikaa naye mpaka karatasi yote ikawa rangi ya uji wa wimbi.